Cheti cha kuzaliwa hakiimbi

SIKIO LA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Salehe

Gillian Welch alipotoa albamu yake ya kwanza, Revival, mwaka 1996, wapo wahakiki wa Marekani waliokwenda kuchimba kwao kabla hawajamaliza kusikiliza. Nyimbo zilikuwa za yatima na wapika gongo, kwa sauti ya milima ya Appalachia. Mwimbaji mwenyewe amezaliwa New York, amekulia Los Angeles, na wazazi wake walikuwa watunzi wa muziki wa televisheni. Basi, wakasema, huyu anaigiza.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki.

Aliyeandika Orphan Girl, wimbo wa yatima, ni mtu aliyeasiliwa akiwa mchanga. Na Emmylou Harris, mzaliwa wa Alabama, Kusini kwenyewe, alikuwa ameshaurekodi mwaka 1995. Yeye aliusikiliza wimbo, hakuuliza kabila.

Albamu ya pili, Hell Among the Yearlings ya 1998, ni nzito zaidi. Inafunguka na Caleb Meyer: mume yuko safarini, jirani mlevi anamvamia mke na kumwangusha chini. Mwanamke anamwomba Mungu, vidole vyake vinapapasa, vinagusa shingo ya chupa iliyovunjika, na koo la mwanamume linakatwa. Hakuna ngoma wala fidla ya kumliza msikilizaji kwa nguvu. Yapo magitaa mawili tu, la Welch na la mwenzake David Rawlings, yakienda mbio kama moyo wa mtu aliyeshikwa na hofu. Mhakiki anayefika hapo na bado anauliza mwimbaji alisoma wapi, amepitwa na wimbo.

Mwaka 2001 ikaja Time (The Revelator), na sifa zikamiminika. Humo Welch ameishika tarehe moja, Aprili 14: siku Lincoln alipopigwa risasi mwaka 1865, Titanic ilipogonga barafu mwaka 1912, na dhoruba kubwa ya vumbi ilipoufunika mchana wa Oklahoma mwaka 1935. Gitaa la Rawlings, Epiphone dogo, nalo ni la mwaka huo wa vumbi. Misiba mitatu inaimbwa taratibu, bila kupaza sauti, na msikilizaji anabaki na ubaridi mgongoni. Mahali alipozaliwa Welch palikuwa palepale. Kilichobadilika ni masikio ya wahakiki.

Februari 2025 wawili hao walipata Grammy ya albamu bora ya folk kwa Woodland, iliyopewa jina la studio yao ya Nashville. Machi 2020 kimbunga kiliezua paa la studio hiyo usiku, mvua ikaingia ndani, nao wakawa gizani wakihamisha kanda na magitaa, wakiokoa kazi ya miaka yote ile kwa mikono yao.