Usaili wa serikali na wavu wa dagaa

Nipo Gungu likizo na kila kijiwe stori ni usaili tu.

Wengi wanavuka mchujo wa kuandika, wakifika kwenye mahojiano wanaulizwa kuhusu kufanya kazi na wenzao, wanajibu: "Napenda sana ushirikiano." Halafu kimya. Jamani, nani amewahi kusema anauchukia? Jopo likupe alama za nini hapo?

Mtoto wa Kigoma hana sababu ya kukwama. Shuka Kibirizi. Usiku wa giza taa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini pande zote kwa pamoja. Upande mmoja ukichelewa, dagaa wamekwenda. Kama umewahi kuuvuta, hiyo ndiyo stori yako: mlikuwa wangapi, wewe ulishika wapi, mlibishania nini, mkamalizaje. Usiseme "tulifanya" mwanzo mwisho, maana anayesailiwa ni wewe. Ila ukijifanya ulivuta peke yako, umejimaliza.

Zile kazi za kikundi za chuo, wawili wanaandika, sita wanaweka majina (mnajijua!), msiende nazo. Swali moja tu la nyongeza, "aliyekataa kufanya mlimfanyaje?", jasho linaanza.

Kuna jamaa hapa mtaani anabisha eti uvuvi si uzoefu rasmi. Mimi nakataa. Umeulizwa ulifanyaje kazi na watu, hujaulizwa mlikuwa na mkataba gani. Haya, bisheni.