Ilani: Aliyerudi Kwenye Unga Asifungiwe Mlango

Sisi tunaoanzisha harakati hii ni waraibu tuliopata nafuu, mama zetu, na wauguzi waliotupokea. Tunasimama kwa ajili ya mtu aliyeacha, kisha akarudi. Amekaa safi miezi mingi. Siku moja anapita maskani, anamwona mtu akifungua kete, na mwili mzima unaanza kudai. Mtaa humhukumu papo hapo: hana msimamo, hana imani.

Hukumu hiyo tunaikataa, kwa sababu tamaa hiyo huanzia kwenye ubongo. Seli za shina la ubongo hutawanya kemikali iitwayo serotonini karibu kila pembe ya ubongo, nayo hufanya kazi kwa kushika vipokezi. Wanasayansi wametambua aina 14 za vipokezi hivyo, na mbili zinatuhusu sana: 5-HT2A na 5-HT2C. Panya wa maabara waliozoea kubonyeza kitufe ili wapate kokeni, kisha wakanyimwa, hurudia kubonyeza wakiona tu taa iliyokuwa ikiwaka kila walipoipata. Watafiti walipokizuia 5-HT2A, au kukichochea 5-HT2C, ubonyezaji ulipungua. Panya hana imani ya kulaumiwa. Alichonacho ni ubongo uliojifunza, na sisi tunao.

Hatusemi tiba imepatikana. Lorcaserin, inayochochea 5-HT2C, iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa kupunguza unene, ikaondolewa sokoni 2020 kwa hofu ya saratani. Methadoni, inayotolewa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, hushika vipokezi vingine kabisa, vya afyuni, na ndiyo iliyowainua wengi wetu. Anayekuuzia vidonge vya serotonini kama tiba ya unga anakuibia.

Kwa hiyo tunadai nyumba za nafuu ziache kumfukuza aliyeteleza. Kliniki zimpokee siku hiyohiyo, maana mwili uliokaa bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani, na hapo ndipo tunapozika vijana wetu. Naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, ipatikane karibu na maskani, si hospitali kuu pekee. Washauri wamsaidie kila mtu kuvijua vichocheo vyake: rafiki fulani, kona fulani, siku ya mshahara. Na vyuo vyetu vya tiba vichunguze serotonini kwa watumiaji wa heroini, kwani sehemu kubwa ya ushahidi huu inahusu kokeni, na kinachotuua pwani ni heroini.

Anayetaka kujiunga aje na jina la mtu mmoja aliyerudi, naye mwenyewe awe tayari kumfuata maskani.