Mwenzako Akinyolewa, Zako Tia Maji



Jumapili moja hapa Kijenge, baada ya ibada, tulitoa mizani tuwapime akina mama uzito. Mama mmoja alikaza kanga yake, akacheka: "Dada nesi, mizani hiyo vusheni Namanga. Wanene wako Kenya!" Sote tukacheka.

Hakukosea. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa kila wanawake 100 wa Kenya, 45 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwetu Tanzania, mwaka huo huo, walikuwa 36. Lakini tusijipongeze upesi. Mwaka 2014 Kenya walikuwa 33. Yaani sisi tumeshapita pale walipokuwa wao miaka minane kabla. Njia ni ile ile, wao wametangulia tu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Mama wa mita 1.60 anafika 25 akiwa na kilo 64, na 30 akikaribia kilo 77. Mjamzito asitumie hesabu hii.

Unene huo huongeza hatari ya kisukari, presha, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Nasi tunaulea wenyewe: chai ya sukari nyingi na maandazi asubuhi, soda mchana, mafuta ya kukaangia yakimiminwa bila kipimo, na bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi.

Watu walipotawanyika, mama yule alitunong'oneza: "Nikipungua watasema mume ananitesa, au nina ugonjwa." Hofu hiyo tunaijua. Mama akinenepa huambiwa ndoa imemkubali. Akikonda, minong'ono inaanza. Lakini majirani hawatakunywea dawa ya presha. Mweleze mume wako mapema unalokusudia, naye akutetee mbele ya ndugu. Ukipungua bila kukusudia, hapo njoo upimwe.

Anza kidogo. Pima mafuta kwa kijiko. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda: mchicha, kabichi, papai. Soda iwe ya sikukuu. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Sokoni nenda kwa miguu. Usishinde na njaa, wala usinunue dawa za kupunguza mwili mitaani.

Mama yule alirudi, akapanda mizani. Kilo zake tulimwandikia kwenye karatasi bila kuzitamka. Nawe njoo, mama. Siri yako tutaitunza.