Keki ya Idi Si Kipimo cha Mzio

Katika nyumba zetu za Nairobi, kuanzia Parklands na Westlands hadi Kangemi na Kawangware, mgeni akibisha hodi hutiliwa chai ya maziwa, na mtoto hupewa kipande cha keki. Mama akisema, "Mwanangu hali maziwa," huonekana ana maringo. Kabla hajageuka, shangazi amekwisha kumtia mtoto tonge kinywani, ati aone kama ni kweli.

Si ajabu watu kutoamini. Kuanzia mwaka 1979 na kwa miaka kadhaa, watoto wa shule za msingi nchini waligawiwa bure maziwa ya Nyayo, na sote tukakua tukijua kuwa maziwa ni afya. Lakini wako watoto ambao miili yao huyapiga vita maziwa ya ng'ombe. Huo ndio mzio, au aleji kama wengi wasemavyo. Si sawa na tumbo kujaa gesi kwa kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Mwenye mzio aweza kuvimba midomo, kutoka vipele, kutapika au kubanwa pumzi, pengine kwa dakika chache tu. Wala maziwa ya mbuzi si kimbilio, kwani protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Hata hivyo, iko habari njema. Mwaka 2008 madaktari wa New York walitangaza matokeo ya kuwapima watoto 100 wenye mzio huo. Watoto 68 waliweza kula maziwa yaliyookwa ndani ya vyakula vya unga, ingawa maziwa ya kawaida bado yaliwadhuru. Sababu ni kwamba moto mkali wa tanuri hubadili umbo la baadhi ya protini, na unga wa ngano huzishika, mwili usizitambue upesi.

Lakini tahadhari, ndugu msomaji! Kati ya watoto hao, 23 walidhurika hata kwa maziwa yaliyookwa. Na mwaka 2017 huko Alabama, Marekani, mtoto wa miaka mitatu alifariki baada ya jaribio la namna hiyo, nalo lilifanywa hospitalini. Ikiwa mbele ya madaktari yaweza kutokea hayo, itakuwaje sebuleni siku ya Idi, sindano ya adrenalini haipo na barabara imefungana magari?

Tena wengi hudhani chochote kilichoguswa na moto ni sawa. Sivyo. Keki ya kupimia huokwa katika nyuzi 180 kwa muda wa nusu saa hivi, na kiasi cha maziwa ndani yake hujulikana. Chai iliyochemshwa haina unga wa kuzishika protini, na keki ya dukani hatujui imetiwa nini. Aliyeweza keki leo asipewe aiskrimu kesho.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mzazi asiishi na hofu milele, wala asijaribu mwenyewe. Amwendee daktari wa watoto, katika Hospitali ya Kenyatta, Aga Khan ya Parklands au kwingineko, aulize kama mwanawe yu tayari kupimwa na wapi. Mtoto mwenye pumu isiyotulia asipimwe mpaka itulie. Akifaulu, vipimo vya nyumbani vifuate agizo la daktari.

Nasi wenyeji tusione tabu. Watu wa pwani tunayo mahamri na mkate wa kumimina wa tui la nazi. Lakini tumuulize mpishi kwanza, kwani wengine hutia maziwa ya unga au samli. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeubeba mzigo huu ni yule mama, basi akisema mtoto hali, tumsadiki.