Hiyo dawa ya waya imekula doo yako

Wasee, tuambiane ukweli. Kile kichupa cha kupaka kwenye plagi za spika ati sauti "ifunguke" ni cha kukamua mifuko tu. Mimi mwenyewe nilinunua, elfu tatu nzima. Nikachomoa waya za amplifaya, nikapaka, nikarudisha. Spika iliyokuwa inakwaruza ikatulia. Nikapost naisifu, na wasee wawili wakainunua.

Wiki iliyofuata, spika ya binamu yangu ikaanza kukwaruza vilevile. Tulizima umeme, tukachomoa waya, tukafuta pini na spiriti ya duka la dawa, tukarudisha bila kupaka kitu. Ikatulia pia!

Shaba ikikaa kwa hewa hushika utando unaozuia umeme. Kule kuchomoa na kurudisha plagi kunaukwangua. Ni usafi tu, si miujiza. Tena zile dawa zenye chembe za fedha zikimwagikia katikati ya pini zinaweza kupiga shoti na kuchoma amplifaya.

Wale wawili, niwieni radhi. Na sisi wa video, tujaribu kitu vizuri kabla ya kukisifu. Hiyo doo ni fare ya mtu.