Franka imepanda Kinshasa, Goma tunabandika noti

Mwezi wa Oktoba 2025 Kinshasa ilisherehekea franka. Kwa miaka mingi dola ilikuwa inapanda tu, na safari hii ikashuka kwa haraka, kutoka karibu franka 2.800 hadi chini ya 2.500. Gavana mpya wa Banki Kuu ya Kongo, André Wameso, aliyewekwa kwenye kiti hicho Julai 2025, alikuwa ameuza dola kwenye soko, kisha Banki Kuu ikashusha riba yake kutoka asilimia 25, iliyokuwepo tangu Agosti 2023, hadi asilimia 17,5. Siidharau kazi hiyo. Mwisho wa 2023 kupanda kwa bei kulikuwa kumepita asilimia 23 kwa mwaka, na mwisho wa 2024 kulikuwa kumerudi karibu na 12. Wazee wetu walioishi mwaka wa 1994, wakati bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9.000, wanajua kwamba franka inayotulia si kitu kidogo.

Lakini nenda Birere, hapa Goma, umuulize mama anayeuza unga ya mihogo: riba hiyo imemfikia wapi?

Banki Kuu haiongei na raia moja kwa moja. Inapita kwa banki. Ikishusha riba, ni banki zinazokopesha kwa bei nafuu. Ikiuza dola, ni banki zinazonunua na kuzifikisha kwa wafanyabiashara. Ikileta noti mpya na kuondoa zilizochakaa, ni banki zinazopokea upande mmoja na kutoa upande mwingine. Hapa Goma milango hiyo imefungwa tangu AFC/M23 ilipoingia mwisho wa Januari 2025, na kule Bukavu tangu katikati ya Februari. Tawi la Banki Kuu lenyewe limefungwa. Bomba limekatwa njiani. Kinshasa wanafungua maji, na sisi tunasikia mlio wake kwenye redio.

Wengi wanafikiri shida yetu ni feza kukosekana. Ni kweli, lakini shida iliyo karibu zaidi ni noti yenyewe, ile karatasi. Noti ya franka 500 inashikwa na watu wangapi kwa siku moja? Asubuhi iko kwa dereva wa moto, saa nne iko kwa muuza sambaza, mikono ikiwa na maji ya samaki, mchana iko ndani ya kitambaa cha mama, jioni iko kwa mtoto aliyetumwa chumvi. Dola 100 inalala chini ya godoro na haizeeki. Franka inafanya kazi kila siku, basi inakufa mapema. Wakati wa kawaida banki zinaokota noti zilizokufa, Banki Kuu inaziharibu na kutoa nyingine. Sasa hakuna wa kuziokota. Noti zilezile zinazunguka mjini, zinabandikwa, zinapasuka tena pembeni ya pale zilipobandikwa.

Sokoni siku hizi muuzaji anatazama noti kwanza, kisha ndipo anakuuliza unataka nini. Dereva wa moto anaitanua mbele ya jua kama daktari anayesoma picha ya mfupa. Nimeona watu wawili wakigombana kwa dakika nyingi juu ya noti ya 1.000, na wote wawili walikuwa na haki. Anayeitoa alipewa kama malipo. Anayeikataa anajua kwamba yeye pia atakataliwa kesho.

Mtu atasema: basi tutumie dola. Tunaitumia, na tangu zamani. Kongo nzima sehemu kubwa sana ya feza iliyowekwa banki ni dola, na Kinshasa pia nyumba inapangishwa kwa dola. Lakini dola yetu ina mashariti yake. Ikiwa na mpasuko mdogo kama jino la panya, hakuna anayeitaka. Noti ya dola 1 wengi wanaikataa hata ikiwa safi. Kwa hiyo vitu vyote vya chini ya dola 5 vinategemea franka: mboga, mkaa wa siku moja, moto ya kufika hospitali, daftari ya mtoto. Franka ndogo zikichakaa, bei haishuki hata kama dola imeshuka. Inafanyika kinyume. Muuzaji hana chenji, anaongeza bei hadi ifike noti aliyo nayo, au anakuambia ununue kilo mbili wakati ulikuwa na uwezo wa nusu kilo. Mwenye dola 50 hapati hasara yoyote. Anayelipa ni yule anayekula kwa franka, siku kwa siku.

Imebaki simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimezuia mji huu usisimame kabisa, lazima tukubali. Lakini feza ya kwenye simu inahitaji mtu mwenye noti upande wa pili, na noti zikipungua, zenyewe zinakuwa bidhaa. Siku moja nilitumiwa dola 100 na ndugu yangu. Kibanda cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili waliniambia nirudi jioni. Cha tatu waliniomba dola 4 juu ya makato ya kawaida, na kijana alisema bila haya, «mkubwa, noti ni za kununua sasa». Sikumkasirikia sana. Yeye pia alizinunua mahali.

Wenye kadi ya banki wanavuka mpaka. Wa Goma wanaenda Gisenyi, wa Bukavu wanaenda Kamembe, wanatoa makuta yao kwenye mashine za Rwanda na kurudi nayo kwa miguu. Nataka wakubwa wa Kinshasa wafikiri vizuri juu ya jambo hilo. Akaunti ipo, feza ipo, mfumo unajua jina la mteja na kiasi chake. Mwalimu wa Kongo anayelipwa na serikali ya Kongo anapata mshahara wake kwa sharti la kutoka Kongo. Na yule asiyekuwa na kadi, au asiyekuwa na karatasi za kuvuka, haupati.

Najua jibu la Kinshasa, na si jibu la kijinga. Ukifungua banki ndani ya mji ulioshikwa na watu wenye bunduki, feza itaishia mikononi mwao. Watatoza kodi, watachukua masanduku, na banki itakuwa imewasaidia waasi. Sheria za kuzuia feza chafu ni kali, na banki za nje zinazofanya kazi na banki zetu zinaweza kukata uhusiano. Hayo yote ni kweli. Lakini kufunga tu na kungoja ni uamuzi pia, na una matokeo yake.

Kwanza, nafasi haibaki tupu. Aprili 2025 AFC/M23 ilifungua tena CADECO hapa Goma kwa mpango wake yenyewe. CADECO isiyo na Banki Kuu nyuma yake ni sanduku tu, ufunguo ukiwa kwa aliyelishika, na raia wanalijua hilo. Lakini kadiri miezi inavyopita ndivyo mtu aliyechoka anavyoweza kukubali sanduku lolote.

Pili, nchi inaweza kugawanyika kwa noti hata kabla ya kugawanyika kwa ramani. Sisi Wakongo tumeshaliona. Oktoba 1993, wakati Mobutu alipoleta zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani, Kasai iliikataa na kuendelea na noti zake za zamani. Kwa miaka kadhaa nchi moja ikawa na feza mbili, mpaka franka ilipoletwa Juni 1998. Na anayetaka mfano wa leo atazame Yemen. Mwaka wa 2016 serikali ilihamisha Banki Kuu kutoka Sanaa, mji ulioshikwa na Wahuthi, na kuipeleka Aden. Wahuthi baadaye wakakataza noti mpya zilizochapishwa na upande wa serikali. Wakabaki na zile za zamani, zinazochakaa, na riali ikawa na bei mbili za dola: moja Sanaa, nyingine Aden, mbali sana na ya kwanza. Anayetuma feza kutoka mji mmoja hadi mwingine ndani ya nchi yake analipa kama anayevuka mpaka.

Hatujafika huko. Franka ya Goma bado ni franka ya Kinshasa. Ndiyo maana ninaandika sasa.

Sisemi banki zifunguliwe zote kesho asubuhi. Nasema kubadilisha noti zilizochakaa ni kazi inayoweza kutengwa na siasa. Noti 1.000 mbovu zinatoka, noti 1.000 nzima zinaingia. Hakuna anayeongezewa franka hata moja, wala hakuna anayetambuliwa kuwa serikali. Inahitaji msindikizaji anayeaminiwa na pande zote. Mwisho wa Aprili 2025 Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulianza kusindikiza mamia ya askari na polisi wa serikali, waliokuwa wamenyang'anywa silaha, kutoka Goma hadi Kinshasa, na pande zote zilikubali. Najua Msalaba Mwekundu si kampuni ya kubeba feza, na labda atatafutwa mwingine. Lakini kama watu hai walipita katikati ya vita, masanduku ya karatasi yanashindwa wapi? Huko Doha, ambako pande mbili zilitia sahihi tangazo la kanuni tarehe 19 Julai 2025, jambo hili lingepaswa kuwa na ukurasa wake.

Kuna kingine kisichohitaji ndege wala msindikizaji, kinahitaji barua moja tu ya Banki Kuu: mikopo. Jirani yangu, mfanyabiashara wa nguo, alikopa dola 3.000 banki Novemba 2024. Tangu Januari hawezi kuingia ndani ya banki hiyo, hawezi kuweka wala kutoa, na stoku yake iliibwa siku za mapigano. Mlango umefungwa kwa kufuli na vumbi limejaa kwenye kioo. Lakini riba inahesabiwa bado, na kila mwisho wa mwezi ujumbe unaingia kwenye simu yake, ukimkumbusha kwa heshima kwamba amechelewa kulipa na kumwomba afike kwenye tawi lililo karibu naye.