Lafudhi ya Nyumbani

Wengi wetu twadhani Wamarekani wote husema sauti moja, ile ya sinema. Sivyo. Huko kusini, Georgia na Mississippi, mtoto akiitwa na mamake aghalabu huitika "yes, ma'am". Akisema "yes" kavu hukaripiwa, kama sisi tumkaripiavyo mtoto aitikaye "nini?" mahali pa "labeka". Mtoto huyohuyo akihamia New York, mwalimu huenda akadhani anafanyiwa mzaha!

Mtaalamu William Labov aliwasikiliza wakazi wa kisiwa cha Martha's Vineyard, akachapisha utafiti wake mwaka 1963. Matajiri wa bara walikuwa wakikijaza kisiwa kila kiangazi na kununua ardhi. Wavuvi wa Chilmark ndio walioshikilia zaidi matamshi ya kwao. Vijana walionuia kubaki waliyafuata. Walionuia kuhama waliyaacha. Watu wa Lamu hawahitaji kufasiriwa jambo hili.

Lakini si kila mtu huachiwa ulimi wake. Mjini Ann Arbor, Michigan, watoto weusi waliosema Kiingereza cha nyumbani kwao walihesabiwa wazito wa kufahamu. Wazazi wakashtaki. Mwaka 1979 Jaji Charles Joiner akaamuru walimu wafunzwe kuitambua lugha hiyo, waitumie ujuzi huo kuwafundisha watoto kusoma Kiingereza sanifu.

Hukumu hiyo twaiona ya haki. Kinachotusikitisha ni kwamba mzazi alilazimika kwenda mahakamani ili mwanawe asiitwe mjinga kwa kusema kama mamake.